Mahali pa kulipa bei si lazima pawe mahali pa kushtaki
Ndugu, umeuliza kama muuzaji wa Ujerumani asiyelipwa na mnunuzi wa Italia anaweza kumshtaki mnunuzi huyo katika mahakama za Ujerumani, kwa kuwa Kifungu cha 57 cha Mkataba wa Vienna wa 1980, unaohusu mauzo ya bidhaa kati ya nchi na nchi, huelekeza bei ilipwe mahali pa biashara ya muuzaji. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu: mwaka 1994 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikubali katika shauri la Custom Made dhidi ya Stawa, ingawa pale ilitumika sheria iliyoutangulia Mkataba huo. Leo, chini ya Kifungu cha 7 cha Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1215/2012, inayosema mahakama ya nchi gani ina mamlaka ya kusikiliza shauri, kinachoamua, hata katika dai la bei, ni mahali ambapo bidhaa zilikabidhiwa au zilipaswa kukabidhiwa kwa mujibu wa mkataba wa mauzo. Mkataba huo wa mauzo ukiwa kimya, hukumu ya Mahakama hiyo hiyo ya Ulaya ya 2010 katika shauri la Car Trim hututaka tutazame mahali mnunuzi alipozipokea mwishoni mwa safari, yaani, kwa kisa chako, huenda Italia. Jambo hili humlemea sana muuzaji mdogo, kwa hiyo nakusihi usome masharti ya makabidhiano kabla ya kufungua shauri, kwani sharti la Incoterms (masharti sanifu ya makabidhiano katika biashara ya kimataifa) linaloweka makabidhiano ghalani kwa muuzaji laweza kuipa mamlaka mahakama ya Ujerumani.