Maswali ya Wasomaji: Heroe wa Natron

SWALI: Mambo mhariri, niko Arusha, nimepata kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300, nataka niende Ziwa Natron kupiga picha heroe, wale flamingo. Mshikaji anasema nirushe droni juu ya viota, we unaonaje? Na picha zangu zitasaidia nini kweli?

JIBU: Droni achana nayo kabisa mdogo wangu! Ukiwashtua wakaruka, yai linabaki juani, na kila kiota kina yai moja tu juu ya kichuguu cha tope la magadi. Heroe wadogo (si makinda, ni ile aina ya flamingo yenye umbo dogo) wa Afrika Mashariki karibu wote wanazaliwa hapo Natron, sasa ukiwavuruga hapo ndo umeshawamaliza. Nenda alfajiri, kaa pembeni mwa maji utulie, waache wasogee wenyewe (na maji ya kunywa beba, lile joto si mchezo). Kuhusu kusaidia, ndege mmoja peke yake hata zuu yupo, ila ukipiga kundi, magadi na mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai kwa nyuma mtu atauliza hapa wapi, basi andika chini kwamba hilo ziwa liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2001.