Chungwa la logo limegeuka kahawia, nichape rangi nne au spoti?

SWALI: Habari za kazi. Logo yetu ni ya chungwa linalowaka, kwenye kompyuta iko poa kabisa, ila kadi zilivyotoka kuchapwa ile rangi imekuwa kama kahawia fulani hivi. Sasa tunataka letahedi na brosha yenye picha, mchapaji ananiuliza rangi nne au spoti, mi hata sijui nimjibu nini.

JIBU: Pole, ila mchapaji usimlaumu haraka. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi haina mwanga wake, inategemea wino wa sayani (bluu ya kijanikijani), majenta (waridi iliyokoza), njano na nyeusi, hizo ndo rangi nne, unaopigwa vidoto vidogo vidogo, yani ukiiangalia hiyo kadi kwa lenzi hutaona chungwa, utaona vidoto vya majenta na njano vimekaa jirani, jicho ndo linavichanganya. Na chungwa la kuwaka ni kati ya rangi zinazoteseka sana hapo, pamoja na kijani cha kung'aa. Kufika kahawia lakini, hapo nahisi sayani au nyeusi imeingia kwenye mchanganyiko wakati faili linabadilishwa kutoka rangi za kioo, kwa hiyo mwambie aliyekutengenezea logo azitoe zote mbili ziwe sifuri, abaki na kitu kama majenta asilimia 60 na njano asilimia 100. Litafifia kidogo kuliko la kwenye kioo ila litakuwa chungwa.

Spoti ni wino uliochanganywa kabisa kabla haujaingia mashineni, unauchagua kwa namba kwenye kitabu cha sampuli za rangi, kile cha Pantone ndo wengi wanatumia, mfumo wake upo tangu 1963. Angalia herufi baada ya namba, C ni karatasi ya kung'aa, U ni isiyo na mng'ao, wino ni uleule ila kwenye U unanyweka na rangi inatulia, na letahedi ni karatasi ya U sasa wewe usije ukachagua kwa kuangalia C.

Kwa hiyo letahedi piga spoti, nyeusi na chungwa, pleti (bamba la kuchapia, kila rangi na lake) mbili tu badala ya nne. Brosha ina picha, hapo rangi nne hukwepi, ukiwa na hela na chungwa lako hulitanii unaongeza spoti kama rangi ya tano. Ila hayo yote ni kwa ofseti, yani uchapaji wa kutumia hizo pleti! Kama ni nakala chache za dijitali, mashine nyingi zitaigeuza hiyo namba kuwa rangi zake zenyewe, usigombane na mtu.

Alafu maandishi madogo yawe nyeusi tupu, ukiyachapa kwa rangi nne pleti ikisogea kidogo tu herufi zinaota kivuli. Na prufu, yani nakala ya majaribio, omba ipigwe kwenye karatasi ileile utakayochapia, uiangalie mchana karibu na dirisha kabla hujasaini.