Waislamu wa Fiji walitokea wapi?

Mkuu, umeuliza kama Waislamu wa Fiji walisilimishwa na Waarabu wafanyabiashara, kama pwani yetu. Hapana. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya vibarua wa Kihindi.

Mwaka 1879 meli ya Leonidas ilitia nanga Levuka, bandari ya Fiji, kutoka Calcutta, India, ikiwa na kipindupindu na ndui ndani, hivyo abiria wakatengwa kwanza. Hadi 1916 Waingereza walikuwa wameshaleta watu kama 60,000 kulima miwa kwa mkataba wa miaka mitano. Ukitaka nauli ya bure ya kurudi kwenu, ukae kumi. Wengi walikuwa Wahindu, Waislamu wachache, na wote walilala kwenye mabanda yaleyale ya shamba. Ni mfumo uleule uliowaleta vibarua wa reli ya Mombasa.

Leo Waislamu ni takriban asilimia 6. Visiwa vinapita 300, ila watu wamejaa zaidi kisiwa kikubwa cha Viti Levu, na misikiti mingi iko huko: Suva, Lautoka, Nadi na miji ya miwa. Kibla ni magharibi, kaskazini kidogo. Fiji Muslim League, iliyoanza 1926, inaendesha shule ambazo hata watoto wa Kikristo na Kihindu wanasoma. Na Maulidi ni sikukuu ya taifa, jambo ambalo binafsi nililiona la ajabu kwa nchi ya Wakristo wengi!

Tatizo kubwa ni ardhi. Sehemu kubwa ni ya koo za wenyeji, mkulima wa Kihindi anakodi tu. Baada ya mapinduzi ya 1987, maelfu ya Wahindi hao walihamia Australia, New Zealand na Kanada.