Wakaguzi wawili, kosa moja, maamuzi mawili

Ndugu, nimekuelewa: umepewa kusimamia wakaguzi wa matumizi ya ardhi, wawili kati yao wanatoa maamuzi tofauti kwa makosa yanayofanana, na wenye viwanja wanalalamikia upendeleo. Wana haki ya kulalamika.

Anza na fomu ya ukaguzi kabla ya kuwagusa watu. Maneno kama "jengo liko karibu na mpaka" hayatoshi. Fomu idai kipimo kwa mita, kifungu cha sheria ndogo kilichovunjwa, picha yenye tarehe, na ramani ya matumizi ya ardhi inayohusika, ile inayoonyesha kila eneo limetengwa kwa shughuli gani. Hapo kwenye ramani tulia kidogo: matumizi yaliyokuwa halali kabla ramani haijabadilishwa mara nyingi huruhusiwa kuendelea, na mkaguzi asiyejua historia ya kiwanja atamwonea mtu bure. Kwa hiyo notisi ya kosa isitoke kabla faili la vibali halijafunguliwa.

Kisha nenda nao uwandani. Kila mmoja akague kiwanja kilekile peke yake, halafu mlinganishe. Mtaona tofauti inaanzia wapi. Wabadilishe maeneo pia, maana anayekaa mtaa mmoja muda mrefu huanza kuombwa afumbe macho.

Kubomoa, au kuingia kwa nguvu eneo la mtu aliyekataa, usiamue mwenyewe. Mwanasheria wa halmashauri aone kwanza. Na fununu za rushwa usizichunguze kimyakimya: zipeleke kwa maandishi kwa chombo chenye mamlaka hayo, siku hiyohiyo.