Konrodi za injini ya zamani zipimwe au zifungwe tu?

SWALI: Habari zenu, nafufua injini ya gari la zamani, silinda nne, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) nimeshaichonga na beringi mpya ninazo, sasa fundi ananiambia konrodi (zile rodi zinazounganisha pistoni na krenki) hazina haja ya kupimwa kwa vile hazijapinda. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, kwa hilo usimsikilize. Konrodi unaweza ukaiona nzima kabisa kumbe lile tundu kubwa la upande wa krenki limeshavutika limekuwa kama yai, ukifunga beringi mpya humo inakufa mapema. Toa beringi, safisha, rudisha kifuniko chake chenyewe (vifuniko usivichanganye kabisa, kila kimoja kilichongwa pamoja na rodi yake), kaza bolti kwa torki (nguvu ya kukazia) ya kitabu cha injini hiyo, ndo upime, maana bila kukaza vipimo vitakudanganya. Kwa boa geji (kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani ya tundu) pima wima kufuata rodi, halafu mshazari kushoto na kulia, pale kwenye maungio ya kifuniko na rodi paache. Tofauti ya vipimo hivyo ikipita milimita 0.025 hivi ipeleke ikachongwe, ila kitabu kikitaja kipimo chake fuata kitabu.

Urefu nao ni rahisi: pima kutoka ukingo wa ndani wa tundu dogo (la upande wa pistoni) hadi ukingo wa ndani wa tundu kubwa, yaani kingo zinazoelekeana, jumlisha nusu ya kipenyo cha kila tundu, zote nne zilingane. Kupinda na kujisokota usikadirie kwa macho, hiyo inataka kifaa chake cha karakana. Na kama kitabu ni cha inchi, inchi 1 ni milimita 25.4.