Hesabu kuanzia tarehe ya kutoka, si miaka aliyotaja hakimu

Dada, kabla ya kuuliza vitabu gani umpelekee mdogo wako, tazama tena tarehe ulizoandika. Amefungwa miaka 3 kuanzia Machi 2025, nanyi mmepanga afanye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndani ya gereza Novemba 2027. Novemba 2027 hatakuwa gerezani! Sheria ya Magereza ya Kenya humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja, ila baadhi, kama wafungwa wa maisha na wa unyang'anyi, hawamo. Kwa hiyo miaka 3 ni miaka 2. Anatoka Machi 2027, miezi minane kabla ya mtihani, akiwa na madaftari mkononi bila cheti, na hakuna mwajiri anayesoma madaftari.

Aliyewaambia "mwandikishe tu, cheti kitafuata" amewapotosha vibaya. Inauma kwa sababu ni kosa la kuhesabu tu, na anayelilipia ni kijana.

Na ukiuliza kama masomo yanasaidia mtu asirudi ndani, jibu ni ndiyo. Uchambuzi wa taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani, 2013, ulikuta kiwango cha kurudi gerezani cha waliosoma ndani kiko pointi 13 za asilimia chini ya cha wasiosoma. Ile asilimia 43 inayosambazwa mitandaoni inatokana na uwiano wa uwezekano (odds), kipimo kingine cha tofauti hiyo hiyo. Haina maana kwamba watu 43 kati ya 100 wameokoka. Tena wanaojiandikisha mara nyingi ni wale waliokwisha amua kubadilika, kwa hiyo si tofauti yote inayotokana na masomo.

Nenda kwa afisa wa ustawi, uliza tarehe ya mapema kabisa ya kutoka. Rudi nyuma miezi mitatu ya kungoja matokeo, kisha chagua mtihani unaoangukia kabla ya hapo. Kwa kifungo kifupi, mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), Gredi ya 3, useremala au kuchomelea, unaingia vizuri kuliko KCSE. Lakini ulizia anachofanya karakanani kila siku. Anayepiga viti msasa mwaka mzima bila kuchonga hata kiungo kimoja cha mbao, ulimi na tundu lake, anafanya kazi ya kiwanda tu, na mtihani wa vitendo utamwangusha.

Majina ya usajili yalingane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Na mwambie akae mbali na ugomvi, kwa sababu siku za msamaha, yaani ile theluthi, hunyang'anywa kwa utovu wa nidhamu, na hapo itabidi mhesabu upya.