Muulize Mzee wa Reli: Mabehewa yahame njia, au mzigo?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza chai Tabata Relini. Kila siku malori ya kontena yamefungana Barabara ya Mandela. Mwanangu kasoma kwamba Chicago kuna reli fupi ambayo kazi yake ni kuhamisha mabehewa kutoka reli ya kampuni moja kwenda ya nyingine. Sisi tuna reli ya kati, Tazara na sasa ya umeme. Mbona hatuziunganishi hivyo?
– Mama Zawadi, Tabata

JIBU: Marahaba, Mama Zawadi. Mwanao kasoma vizuri. Hiyo ni Belt Railway of Chicago, ipo tangu 1882, na wenyewe ni kampuni kubwa za reli kwa ubia. Behewa linaletwa na kichwa cha huyu, linapangwa upya kwenye uwanja wa Clearing, linavutwa na kichwa cha yule. Mzigo ndani haujaguswa.

Lakini kule reli zote zina upana mmoja kati ya chuma na chuma, milimita 1,435. Nikiwa kazini nilikuwa na kijiti cha mninga nilichokichonga alama mbili: 1,000 ya reli ya kati, ile Wajerumani waliyoianza hapa Dar mwaka 1905, na 1,067 ya Tazara, iliyofuata upana wa reli za Zambia. Ilipokuja ya umeme, 1,435, kijiti kikawa kifupi. Sasa mjukuu wangu anachungia mbuzi.

Vijana huniambia, si waongeze chuma cha tatu pembeni, treni za upana wa aina mbili zipite njia moja? Kati ya 1,000 na 1,067 haiwezekani. Milimita 67 ni vidole vinne hivi, na kitako cha reli peke yake ni kipana kuliko hapo. Labda vyuma vinne juu ya taruma moja, yaani kile kilalio cha reli, na penye njia panda utamtafuta mganga.

Ndiyo maana kwetu anayehama ni mzigo. Kule Kidatu, Morogoro, miaka ya 1990 ulijengwa uwanja wa kunyanyua kontena kwa kreni kutoka behewa la upana mmoja kwenda jingine. Ningepewa rungu mimi, ningeomba uwanja wa namna hiyo hapahapa mjini, njia zote tatu zilale ubavu kwa ubavu chini ya kreni moja.

Ila nisikudanganye kuhusu hiyo foleni. Reli ya kati na Tazara zote zinaingia bandarini tayari. Malori unayoyaona hayahamishi mzigo kutoka reli hii kwenda ile. Yametoka bandarini, mengi yanakwenda Zambia na Kongo moja kwa moja. Chemsha chai ya kutosha.